Pamba Iliyokaa Juu ya Mafiga

Didia, Alhamisi, 14 Agosti 1980. Jua kali, vumbi tangu asubuhi. Nimechoka, na si kwa sababu ya kazi.

Leo lori la kiwanda cha kuchambua pamba limefika, baada ya majuma matano ya kuambiwa halina tairi. Ghala letu la kijiji lilijaa zamani. Ndiyo maana mwezi uliopita niliwakusanya wakulima nikawaeleza namna ya kutunza pamba nyumbani: isiguse sakafu, mchwa wasiifikie, kuku wasiilalie. Iwekeni juu, nilisema. Nilieleza kwa kirefu, kama nilivyozoea darasani.

Jirani yangu Mama Kabula, mjane, alinisikiliza kuliko wote. Akaiweka pamba yake darini, juu ya mafiga, mahali tunapoweka mahindi ya mbegu ili moshi ufukuze wadudu.

Alipofungua gunia mbele yangu, pamba ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Hii ilikuwa inavuta kiko," alisema Masanja wa mizani. Foleni nzima ikacheka.

Mimi ndiye karani wa pamba hapa kijijini, ninayepanga madaraja. Nyeupe naiandika safi. Yenye doa ni fifi, na bei yake ni ndogo. Wanunuzi wa ng'ambo hutazama weupe kwanza, kwa kuwa uzi wenye moshi haushiki rangi sawasawa. Gunia moja likipenyezwa, mzigo wote wa kijiji hushushwa daraja. Nilimweleza haya yote. Alingoja nimalize.

"Mwalimu, si wewe uliyesema juu?"

Nilisema. Moshi sikuutaja. Nimezaliwa katika nyumba yenye dari kama hilo, na sikuukumbuka.

Binti yake Kabula amechaguliwa kwenda sekondari. Barua inataka sanduku, blanketi na godoro, na mama alitegemea pamba hii tu.

Niliandika fifi.

Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Mwalimu," akakunja gunia lake tupu. Masanja aliendelea kumtania, nami sikumwambia mtu kwamba kosa ni langu. Niliita anayefuata.

Hilo ndilo linalonichosha.

Kesho, kabla mizani haijaanza, nitasimama mbele ya wakulima niseme kwamba kosa ni langu. Halafu nitampelekea Kabula sanduku langu la bati la chuo cha ualimu. Bawaba moja imekatika, lakini linafungika. Blanketi ninalo. Godoro bado nawaza.