Picha Ulizozitikisa

Somo yangu,

Salamu za aliyebaki kwa aliyetangulia. Walio hai huandikiana "natumai hujambo", lakini wa huko sijui huulizwa nini. Basi nakuamkia tu, kama nilivyokuwa nikikuamkia asubuhi nikifika studio yetu pale Ukunda, nawe umeshafungua, umeshapiga deki, na umeshaanza kunisema kwa kuchelewa.

Kwanza nikupe kichekesho, maana ningeanza kwa kilio usingenisamehe. Siku ulipofariki, kipaza sauti cha msikiti wa Mwabungo kilitangaza kwamba Saumu wa picha hatunaye. Sasa Saumu wa picha tuko wawili. Sote tulizaliwa mwezi wa Ramadhan, wazee wetu wakaona jina ndilo hilo, na tangu tulipokutana tukawa tunaitana somo mpaka wateja wakachoka kututenganisha. Basi nusu ya watu walinilia mimi. Mama yangu kule Msambweni alipigiwa simu ya pole akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akanipigia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia, na nilipoitikia alinitukana kwa furaha. Yule mama wa Galu tuliyempigia picha za harusi ya bintiye alinikuta njiani siku ya tatu, akarudi kinyumenyume akisoma Ayatul Kursi. Ungekuwapo ungecheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilijifunika leso usoni nikalia, kwa sababu kila aliyefurahi kuniona mzima alikuwa akifurahi, bila kujua, kwamba aliyekufa ni wewe.

Ulituacha Shaaban, kazi zimepamba moto, kila mwenye binti anataka kumuoza kabla ya kufunga. Usiku ulikuwa umepiga picha za kesha, alfajiri ukaanguka ukitia udhu. Moyo, walisema. Harusi zilizokuwa zimesalia nilizimaliza peke yangu, kwa kuwa bibi harusi hana kosa. Unaujua ukumbi wenyewe: wanawake watupu, mabuibui yamevuliwa, simu zimekusanywa mlangoni ndani ya beseni, na kamera inayoruhusiwa ni yetu tu. Mara tatu nzima nilisema "lete taa kushoto" na taa haikusogea. Mara ya tatu somo wa bibi harusi, yule mama wa kumfunda, alikuja akaishika mwenyewe bila kuniuliza kitu. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia.

Lakini si harusi zilizonifanya nikuandikie. Ni Mafiga.

Nakumbuka uliponunua ile darubini kwa mzee wa Galu aliyekuwa anahama. Nilikwambia umepungukiwa, mwanamke mzima kununua bomba la kutazamia mbingu. Wewe ukaichomoa lenzi kwenye kamera yetu ya harusi, ukaifunga kamera mkiani mwa darubini, ukaniambia nishike waya ninyamaze. Diani hatukuona kitu. Taa za mahoteli zimeifanya mbingu ya pale kuwa kama chai iliyozidishwa maji. Ndipo tukaanza kwenda Kikoneni, nyuma ya nyumba ya mjomba wako, kwenye mihogo, ambako usiku bado ni usiku. Tulibeba betri ya gari, kompyuta, kiti kimoja na mkeka. Tulikwenda siku za giza tu, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu mwezi ukitoka vitu vya mbali hufutika. Watu wanaupenda mwezi. Sisi tuliununia kama mgeni asiyejua kuaga.

Usiku wa kwanza kikatokea kijiwingu kwenye kioo cha kompyuta, kidogo kuliko ukucha. Nikasema kamera imeingia ukungu. Ukasema, "Hiyo ni galaksi, Somo. Mji wa nyota. Mwanga huu ulitoka huko kabla hajaumbwa mtu wa kuusubiri." Nilitaka kukutania, nikajikuta nakisogelea kioo nikitazama tena.

Halafu ndani ya nyota za Asadi, yule Simba wa mbinguni, tukaziona galaksi tatu pamoja, zimekaa duara. Nikasema hayo ni mafiga, bado chungu tu. Jina likashika. Figa la kwanza na la pili yaling'aa vizuri. La tatu limelala ubavu, jembamba, hafifu, na wewe ulikuwa umesoma mahali kwamba lina mkia mrefu wa nyota unaotambaa gizani, ambao hauonekani ila kwa mwenye subira. Ukautaka mkia ule. Kila picha ilichukua dakika kadhaa, motokaa haiwezi kupita na taa, mtu hawezi kukanyaga ovyo, kisha tunazirundika mamia kwa mamia ndani ya kompyuta mpaka kile kisichoonekana kionekane. Tulifanya giza la kwanza, tukafanya la pili. Mkia ukaanza kama alama ya kidole kwenye glasi. Ukasema bado, tuongeze.

Na sheria yako ilikuwa moja, kwa maharusi na kwa nyota. "Aliyefumba macho haingii kwenye albamu." Picha yenye nyota iliyotikisika unaifuta papo hapo, huna huruma. Sawa. Lakini nani alikuwa akizitikisa? Ni wewe, Somo. Wewe hukujua kucheka bila kushika kitu, na kilichokuwa karibu daima kilikuwa mguu wa darubini.

Usiku wa yule bwana, kwa mfano. Alikuwa anatoka kunywa mnazi, anakata njia shambani, akatukuta wanawake wawili wenye mabuibui meusi wamekaa gizani mbele ya kijitaa chekundu. Wala hakupiga kelele. Alivua kandambili taratibu, akaziacha, akaondoka kwa adabu mpaka alipofika kwenye minazi, ndipo akatimua mbio. Asubuhi akamtuma mtu kuja kuziomba kwa mkaza mjomba wako, na salamu kwamba yeye hana ugomvi na wanga. Ulicheka usiku ule mpaka mguu wa darubini ukacheza, nikawa nakwambia, "Somo, Mafiga yanamwagika," na ndipo ukazidi. Picha za saa nzima ziliharibika. Ulisema utazifuta kesho. Kesho ilikuwa na harusi, na keshokutwa pia.

Giza la mwisho wa Shaaban lilipita nami sikutoka. Darubini ilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, kwa kuwa mama yako aliniambia niichukue, yeye hawezi kuvumilia kuiona. Nilikuwa nasema figa moja haliinjiki chungu, nikaona nimejipatia udhuru mzuri, una methali ndani yake. Lakini masika yalikuwa yanakuja. Yakishuka, mawingu hayafunguki mpaka Asadi imekwisha kuinama magharibi, na hapo ni mwakani. Na mimi najijua. Mwakani ni neno langu la kuachia mambo. Ningeliacha Figa la tatu pale ulipoliacha, na kila nikiona kompyuta ile ningeona kazi yako imekatika katikati.

Basi kumi la mwisho la Ramadhan nikaenda. Ramadhan hakuna harusi, hata wa kuniuliza naenda wapi hakuwapo. Mkaza mjomba alinifuturisha kwa mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, akaniongeza bila kuniuliza, akanisaidia kubeba betri. Alipoona naufunga mguu wa darubini aligeuka akatazama kwingine.

Halafu akafanya wema ulioniharibia usiku mzima. Aliiwasha taa ya barazani, ile kali, akaiacha. "Nisingeweza kulala," aliniambia asubuhi, "nikijua mtoto wa watu yuko gizani peke yake." Picha zote zilitoka za rangi ya kutu. Usiku wa pili taa ikawaka tena. Nilikaa nikiitazama, Somo, nikitafuta namna ya kumwambia mtu kwamba huruma yake inanizuia kuona. Ingekuwa wewe ungemaliza kwa neno moja na utani juu. Mimi nilikwenda mlangoni, nikapiga hodi, nikaanza kueleza habari za mwanga na kamera, nikazunguka huko na huko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wewe mwenyewe, kwa hiari yako, unataka ukae kwenye giza?"

Nikasema ndiyo.

Akaizima. Nikamsikia anarudi kwenye msala wake. Nami nikarudi kwenye mkeka nikipapasa njia kwa miguu, nikakaa upande wangu, kwa sababu upande wako sikuweza kuukalia. Nataka nikwambie ilivyokuwa, wala sitapamba. Nilikuwa mpweke. Nimezika baba, nimeachika, na bado sikuwa nimejua upweke ni nini mpaka nilipokaa pale, mota ndogo ya darubini inavuma taratibu kuifuata mbingu, kamera inafunga na kufungua, na hakuna wa kumwambia "hii imetoka vizuri". Vile vitu viko mbali kiasi ambacho hata huzuni haifiki. Nilifikiri vitanifariji. Havikunijali hata kidogo. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mkaza mjomba aliponiita daku, na usiku uliofuata tena, na uliofuata.

Niliporudi Ukunda nikazifungua picha moja moja, kama ulivyonifundisha, nitafute za kutupa.

Ukiacha zile za rangi ya kutu, hakukuwa na ya kutupa. Hata moja. Nyota zote duara, zimetulia, kila moja mahali pake. Katika miaka yote tuliyokwenda Kikoneni hatujapata kurudi na picha safi namna ile. Nilizitazama zote mpaka ya mwisho, nikaona ndivyo ninavyoonekana mimi bila wewe. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala na njaa ya futari.

Kesho yake nikafungua zako. Nilizikuta zile za usiku wa kandambili, hazijafutwa, mfululizo mmoja. Nyota zimechora vijimkia, nyingine zimejikunja, moja imeandika kitu kama herufi. Unaweza kuona pale ulipoanza, pale ulipojikaza, pale nilipokwambia Mafiga yanamwagika ukashindwa. Sauti yako sina. Tulipiga picha za maelfu ya watu na hatukuwahi kujirekodi sisi. Kicheko chako kimebaki hapo tu, kwenye nyota zilizoharibika, na kompyuta imezitia alama nyekundu zote: ondoa.

Nikaziondoa. Sheria ni sheria. Nikarundika zilizo safi peke yake, usiku kucha kompyuta inafanya kazi, na asubuhi Mafiga yakatoka. Picha nzuri, Somo. Ungeisifu, na wewe si mwepesi wa sifa. Figa la tatu limekaa vizuri, na mkia unaonekana kwa anayejua pa kutazama. Niliizungusha, nikaikuza, nikatafuta ni nini kinachonikera. Ilikuwa haina kosa.

Nikazirudisha. Zote, za usiku ule wote, nikaanza upya. Nyota zimenenepa kidogo, kama macho ya mtu aliyetoka kulia, na zile kubwa zimevimba upande mmoja. Lakini mwanga wako uliokuwa umetupwa nao umeingia kwenye rundo, na mkia wa Figa la tatu umeongezeka urefu. Sikulitarajia hilo. Nimeichapisha kwenye karatasi yetu nzuri, nimeitundika mkabala wa mlango, juu ya picha za maharusi. Mteja mmoja, kijana wa bara anayefanya kazi hotelini, aliniambia, "Hii imeshake kidogo, madam." Nikamwambia najua. Mama yako alipokuja baada ya Idd aliisogelea, akauliza nini kimezinenepesha nyota. Nikamwambia ni hapa mwanao alipocheka. Akaigusa kwa ncha ya kidole, akaomba maji ya kunywa.

Masika yameanza. Nakuandikia mvua inapiga mabati, umeme umekwenda, na barabara ya Msambweni imejaa maji. Maharusi wa mfungo mosi, sasa kufunga kumepita, wamekwisha kuja kuweka tarehe. Nimemchukua binti mmoja wa kushika taa, bado anaishika kama anaogopa itamuuma, atazoea.

Mola akupanulie kaburi, Somo, akutilie nuru ambayo haitaharibu picha ya mtu. Sitakuaga kwa maneno makubwa, maana ungenikonyeza.

Ila nikuahidi hili. Mbingu ikifunguka nitakwenda tena Kikoneni, nitaomba taa izimwe, nitakaa upande wangu. Na likinijia neno lako lolote la kuchekesha, sitajiziba mdomo. Nitaushika mguu wa darubini kwa mikono miwili, nicheke, na hizo nyota zitikisike.

Ni mimi,
Saumu aliyebaki