Chelo ya Baba Violet

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumamosi ile ya Julai 1997 ulipotutoka, na mpaka leo mlango ukigongwa ghafla tunatazamana kabla hatujafungua, kama enzi zile tulipohofia kuletewa habari zako.

Ulikuwa Stanley Ndesanjo, mzaliwa wa Machame, fundi wa mitambo ya kufuma, besi wa kwaya ya usharika. Mitumba ilipojaa sokoni na kiwanda chenu cha nguo kikafunga milango, wenzako walifungua vibanda. Wewe ulirudi nyumbani Kijenge umekumbatia chelo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, uliyoachiwa na mwalimu mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao.

“Tutakula hiyo?” Mama aliuliza.

“Hatutaila. Lakini mikono hii ikikaa bure nitaugua.”

Mwanzoni ililia kama geti lenye kutu. Ulifuta viganja kwenye suruali, ukapiga, ukakatiza, ukauliza “Nimeboronga?” hata chumbani kukiwa hakuna mtu. Ulikuwa mtu wa wasiwasi, Baba. Hata chai ulikuwa unaionja mara mbili kabla ya kumpa mgeni. Lakini hukuacha, hadi siku jirani alipoita ng’ambo ya ua kutaka kujua ni mgeni gani wetu anayeimba sauti nzito vile.

Ndipo Mwalimu Naftali alipokualika kwake Maji ya Chai, kila Jumamosi, upige pamoja naye na Evaresta na Hans, wapiga fidla wenzake. Watu wanne, kila mmoja na sauti yake, hakuna wa kuwaongoza. “Kwenye kwaya nikikosea nafichwa,” ulitwambia. “Kule nikikosea naonekana.” Uliondoka na hofu, ukarudi uso unang’aa, ukituimbia mezani sauti za wenzako wote.

Kisha daktari akasema moyo wako umetanuka. Mama alikusihi.

“Baba Violet, pumzika sasa.”

“Hapo ndipo ninapopumzikia, mke wangu.”

Basi akaanza kwenda nawe. Alifunga dawa zako kwenye pindo la kanga, akaketi mbele yako, macho usoni pako: jasho, midomo, pumzi. Sisi tuliobaki nyumbani tulisikilizia hatua zenu njiani.

Pasaka yako ya mwisho mlipiga kwenye ukumbi wa kanisa. Katikati ya wimbo chelo ikanyamaza. Tulikuona umeinama. Mama aliruka kutoka kwenye benchi, anafungua fundo huku anaita, “Maji! Jamani, maji!”

Uliinua upinde. “Keti, Mama Violet. Siumwi. Nimepoteza mstari wa noti tu.”

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu Naftali alicheka mpaka akashusha fidla yake. Halafu mkaanza upya, mkafika mwisho pamoja, na hatujawahi kukuona umekaa wima namna ile.

Julai ulikuwa unafunga kamba za viatu uende Maji ya Chai. Uliinama, hukuinuka. Mama alikuwa kando yako, dawa mkononi. Hazikufaa kitu.

Mwezi uliopita wenzako watatu walikuja nyumbani wakatupigia wimbo ule wa Pasaka. Mama alisikiliza akiangalia sakafu. Walipomaliza aliuliza, “Ndivyo ulivyo wimbo wenyewe?”

“Hapana, shemeji,” Mwalimu Naftali akajibu. “Sauti ya chini haipo.”

Mama aliinua macho. “Jumamosi zote zile sikuwahi kuusikia. Nilikuwa namwangalia usoni.” Kisha akasema, “Tafuteni mtu. Nataka kuusikia mzima.”

Bado hajapatikana, Baba, na hilo linatukosesha raha. Nyuzi zinalegea, mbao zinakauka, na Mama anauliza kila Jumapili baada ya ibada. Wewe ulianza nywele zikiwa na mvi. Basi anayesoma hapa, awe kijana au mtu mzima, hata kama hajawahi kushika upinde, afike kwetu Kijenge. Akiboronga, hakuna atakayemcheka. Mama mwenyewe atamfungulia.

Unakumbukwa na mkeo Namnyaki, wanao Violet na Ephraimu, dada yako Ndeshi wa Machame, wanakwaya wenzako, na Naftali, Evaresta na Hans, wanaokuwekea kiti chako hadi leo.

Baba, maadamu tupo, hutasahaulika.