Busan Unakwenda kwa Nani?

Jumamosi, wiki ya pili ya Septemba. Newtown, Birmingham.

Mvua imeanza alfajiri na haijakata mpaka sasa. Ni ile mvua ya hapa isiyo na haraka, kama mgeni aliyekuja na mabegi yake yote. Lakini mimi leo nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Barua imesainiwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ili hata anayenisoma leo kwa mara ya kwanza anielewe. Mimi na Zaina, binti yangu wa miaka mitatu, tunakwenda Busan likizo fupi ya Oktoba, shule zikifungwa. Busan ni mji wa Korea, kule kusini kabisa, umekaa ufukweni. Hatuendi harusini. Hatuendi msibani. Hatumpeleki mtu wala hatumfuati mtu. Tunakwenda kutembea tu.

Mwaka nilipomaliza la saba kule Tanga, na matokeo yakaja vile yalivyokuja, nilikaa nyumbani nikiangalia tamthilia za Kikorea kwenye CD za kukodi. Zile ambazo kuna kaka mmoja anatafsiri juu kwa juu, sauti moja kwa watu wote, mpaka bibi kizee anaongea kama dalali wa mnadani. Katika moja kulikuwa na mji wenye nyumba za rangi zilizopandana mlimani, na bahari chini yake. Nikajiambia, ule mji nitauona kwa macho yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nauli ya kwenda Muheza tu ilikuwa inaitiwa kikao.

Sasa nina paspoti, nina kazi jikoni kwenye shule ya msingi, na nina daftari.

Daftari hili nalipenda, acha niseme. Sikusoma sana lakini kupanga najua. Anayepikia watoto mia mbili kila siku na chakula kikatoka kwa wakati, safari ya watu wawili haimshindi. Nimeandika kila kitu. Ndege haifiki Busan, inashuka Incheon, karibu na Seoul, kwa hiyo usiku wa kwanza tunalala hoteli ya jirani na uwanja, mtoto apumzike. Asubuhi treni mpaka Seoul, halafu treni ya kasi mpaka Busan, mwendo wa karibu saa tatu. Plagi zao ni za pini mbili za duara, hizi zetu hazitaingia. Ramani niliyoizoea kwenye simu huko haikuelekezi vizuri ukitembea kwa miguu, wanatumia ya kwao, nimeshaipakua. Kadi ya usafiri inauzwa kwenye maduka madogo, unaijaza, unapandia basi na treni. Kibali cha mtandaoni cha kuingia Korea nimekiangalia, na nitakiangalia tena kabla ya kufunga begi, maana masharti haya hubadilika.

Na ukurasa mmoja mzima niliandika neno moja tu. Barua.

Jina la Zaina si langu. Kwetu mtoto hubeba jina la baba yake na babu yake, na mimi nimebaki na la baba yangu. Uwanja wa ndege wanamwona mwanamke mmoja na mtoto wa jina jingine, wana haki ya kuuliza. Tena sheria ya hapa inataka baba akubali mtoto kutolewa nje ya nchi. Baba yake ni Hamza. Tuliachana mwaka juzi, bila kuvunjiana vyombo. Nilipomwambia habari ya Busan alisema, "Poa, leta nitasaini."

Halafu nikaharibu mwenyewe.

Siku nilipokata tiketi nilifurahi mno nikaziweka status. Picha ya tiketi, na maneno, "Busan tunakuja!" Nani alikuwa wa kwanza kuiona? Bi Zuhura, mama yake Hamza, bibi yake Zaina. Mimi nilikuwa sijaenda kwake kumuaga wala kumtaka ushauri. Kwa watu wetu safari haitangazwi ukutani kabla mzee hajaambiwa, na mimi hilo nalijua tangu utotoni. Jioni ile ile Hamza akanitumia ujumbe: "Subiri kwanza. Mama kasema mtoto haendi popote."

Wiki mbili nampigia Bi Zuhura hapokei. Ila status zangu anaziangalia zote, na bado ni wa kwanza.

Basi leo nikamvalisha Zaina koti la mvua, nikatia daftari kwenye mfuko wa nailoni, tukapanda basi mpaka Alum Rock. Nyumba ya Bi Zuhura iko nyuma ya yale maduka ya vitambaa. Hamza alitufungulia mlango akanong'ona, "Jiandae, mama kachafukwa." Nikaingia. Bi Zuhura alikuwa kwenye kochi na tableti yake, akaizima haraka kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Hakuna hujambo, hakuna karibu. Zaina akamrukia mapajani, "Bibi, I want biscuit!"

"Huyu ndiye aliyekuja kunitazama," Bi Zuhura akasema huku akimvua koti. "Mwenzangu wewe umekuja kunipa habari nilizokwisha kuzisoma."

"Nimekosa, mama. Ningeanza kwako ndiyo nikate tiketi. Nilifurahi nikasahau adabu."

"Hukusahau. Ulijua ntakuuliza."

Ni kweli. Nilijua.

"Haya, nakuuliza sasa. Busan unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama."

"Hakuna hata mtu wa kwenu Tanga kule? Mwanafunzi? Mke wa mtu?"

"Hakuna. Tunakwenda kutembea tu."

"Kutembea ni kwenda kwa mtu. Asiye na mtu hatembei huyo, anapotea."

"Mama, watu wanakwenda holiday," Hamza akasema kutoka mlangoni.

"Nyamaza wewe. Holiday yako ya mwisho ulikwenda Leicester ukarudi siku ile ile."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Lakini swali lake liliniingia. Kweli safari zangu zote zilikuwa za kwenda kwa mtu. Tanga kwenda Dar nilikwenda kwa shangazi. Dar kuja Birmingham nilikuja kwa Hamza, nyumba hii hii. Safari moja tu sikwenda kwa mtu, ile ya kutoka hapa kwenda flat ya Newtown, mimi na Zaina mchanga na mifuko miwili. Nilifika hakuna wa kunipokea.

Nikajipokea.

Sikuyasema hayo. Nilifungua daftari nikaanza kumsomea, mstari kwa mstari, kama mtoto anayemsomea mwalimu. Naye akawa ananikata kila mahali.

"Atakula nini mtoto?"

"Wali, mayai, samaki. Mji wa bahari ule, mama, samaki wamejaa. Na hapa nimeandika kwa Kikorea 'hatuli nyama ya nguruwe', nitamwonyesha mwenye mgahawa kabla hatujakaa."

"Umeandika wewe?"

"Nimeiga tu."

Akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Mwandiko wako huu mzuri kuliko ule wa Kiswahili," akasema, na hapo nikajua barafu imepata ufa.

Akauliza msikiti, nikamwonyesha ulipo na kituo cha treni cha kushukia. Akauliza akipata homa, nikamsomea dawa, bima, na namba ya gari la wagonjwa la kule. Akauliza baridi, nikamwambia Oktoba yao si mbaya kama hii yetu. Halafu akauliza taratibu, bila ukali sasa, "Na likikufikeni jambo, hao Wakorea watampigia nani?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho nikampa Hamza asome, kwa sababu miwani ya mama ilikuwa mbali.

Hamza akasoma jina kamili la mama yake na namba yake ya simu. Chini yake nimeandika: bima, hoteli ya kwanza, hoteli ya pili, zote jina hili.

"Mimi?" Bi Zuhura akasema.

"Fomu zilikuwa zinauliza mtu wa karibu, mama. Nilikujaza wewe hata kabla sijalipa tiketi."

"Mbona mimi?"

"Nani mwingine?"

Hamza akajifanya kaumia. "Sasa na mimi baba mtu je?"

"Wewe simu hupokei," tukasema sote wawili kwa pamoja, na hapo Bi Zuhura akacheka kile kicheko chake cha kupiga paja. Wiki mbili nilikuwa nakisubiri kicheko kile.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe yeye ndiyo kwanza anaanza. Akaichukua tableti yake, akaiwasha, akaniambia sogea. Ilikuwa tamthilia ya Kikorea, na yule kaka wa kutafsiri yule yule au mdogo wake. Akairudisha nyuma, akaisimamisha kwa kidole. Nyumba za rangi zimepandana mlimani. Kijana mmoja anapanda ngazi nyembamba, anahema.

"Busan hii," akasema. "Unaziona ngazi? Nimezihesabu mpaka nimechoka, na bado hajafika juu. Sasa umeniandikia hapo siku ya tatu mnakwenda kwenye nyumba za rangi, na kigari cha mtoto. Kigari hicho atakibeba nani? Huyo kijana?"

Daftari langu lote lile, ngazi sikuziandika!

"Mama, tangu lini unaangalia za Busan?"

"Tangu nilipoiona status yako," akajibu bila haya. "Unadhani wiki mbili nilikuwa nimenuna tu? Nilikuwa natazama mtoto wangu anapelekwa wapi."

Akainuka, akapanda chumbani. Akarudi na kanga nzee, imefifia mpaka maandishi hayasomeki, laini kama ngozi ya mtoto. "Mbeleko. Huyo nimembebea hii," akaelekeza kidevu kwa Hamza, jitu lile linainama kupita mlangoni. "Kigari wende nacho uwanja wa ndege na kwenye treni. Ngazini mweke mgongoni." Akanifunga mwenyewe, Zaina juu, fundo kifuani, akanigeuza huku na huku kama fundi cherehani anayejaribisha gauni. Zaina akaniambia sikioni, "Mummy, I'm tall."

Hamza akasaini barua juu ya sinia ya chai. Mama yake akamsimamia, "Andika vizuri, na namba ya simu yenye kusomeka." Akaandika mara mbili. Baada ya hapo Hamza akaniambia, kwa Kiingereza chake cha hapa, kuwa ananionea fahari. Nikamwambia ahsante baba Zaina, na nilimaanisha.

Mlangoni Bi Zuhura alinipa masharti. Nimpigie kila siku tukishakula cha usiku, kwake ni mchana, atakuwa macho. Nimpigie picha zile ngazi, aone kama ni zile zile. Halafu akanishika mkono na kusema jambo ambalo nimerudi nalo njia nzima kwenye basi.

"Wakikuuliza huko uwanjani unakwenda kwa nani, usibabaike. Waambie huendi kwa mtu. Waambie unatoka kwa mtu."

Sasa hivi Zaina anakunywa maziwa yake sakafuni, mbeleko kajifunga mwenyewe, kambeba dubu wake mgongoni. Barua iko ndani ya daftari, na daftari liko juu ya kabati asipofika mwenye mikono ya maziwa. Kwenye ukurasa wa siku ya tatu nimefuta neno kigari. Nimeandika ngazi, nikapiga mistari miwili chini yake.

Bado napaswa kujifunza kutokana na kosa langu. Furaha yangu ina mbio kuliko adabu yangu, hilo nalikubali. Safari nyingine, kama Mungu akipenda, nitaanza Alum Rock ndiyo niende kwenye simu.

Ila mwili nao unataka kupangwa. Zaina amekuwa mzito, na leo kumbeba dakika tano tu nilihema kama yule kijana wa tamthilia. Sisi tunakaa ghorofa ya saba.

Kesho lifti tutaiacha. Zaina mgongoni, ngazi moja moja mpaka mlangoni kwetu. Busan naanza kuipandia hapa hapa Newtown.