Sabini na Nne

Ijumaa, 3 Mei 2019

Coy kaleta yule farasi. Seneta. Miaka minne, kahasiwa, mwekundu, mapaja yamejaa. Karatasi zake kazibandika kwenye kioo cha trela nisije nikapitwa: namba ya kasi 103! Mia maana yake umekimbia sawa na walio bora wa uwanja ule, kwa umbali ule. Huyu kapita.

Kaniambia nikae naye siku kumi, asiponipendeza nimrudishe. "Ila utampenda, Renae. Namba haidanganyi." Halafu kacheka kile kicheko cha wauza farasi wote wa Oklahoma.

Nilipoenda kuchukua kamba ya kumshushia, mkono ulikwenda wenyewe kwenye msumari wa tatu. Kamba ya Dumplin, farasi wangu. Miezi mitatu tangu tumzike nyuma ya malisho, na mkono bado haujaambiwa. Nikairudisha, nikachukua nyingine.

Jumamosi, 4 Mei

Simu ya Orval Teague. Ndiye aliyemnunua Opal, binti wa Dumplin. Mtoto wake pekee. Nilimuuza akiwa na miezi sita, mwaka ule wa operesheni ya mgongo, nilipodhani sitapanda tena. Sijawahi kujisamehe.

Orval anapunguza farasi, magoti hayamtaki tena. Kasema kaona aniambie mimi kwanza, kwa heshima ya mama yake Opal. Ila kuna mwanamke wa Ardmore anakuja kumjaribu Jumapili ya wiki ijayo. Nimpe jibu kabla ya hapo.

Nikauliza, alishakimbia uwanja wa mbio? Mara tatu. Namba yake nzuri kuliko zote? "Sabini na nne."

Banda lina nafasi moja. Mgongo nao ni huu huu mmoja. Nina miaka hamsini na tatu, nimebakiza farasi mmoja, labda wa mwisho. Siwezi kukosea.

Ninachotaka ni kidogo tu. Mchezo wetu ni kuyazunguka mapipa matatu na kurudi getini, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Dumplin alikuwa anakwenda pipa la kwanza kwa kasi yake yote, halafu hatua tatu kabla ya kukata kona, sikio la ndani linarudi nyuma. Ananiuliza — sasa? Nami nakaa chini kwenye tandiko, basi. Sivuti hatamu. Anajikunja kulizunguka pipa, na mimi niko naye. Nakitamani kile kisikio kuliko mikanda yote niliyoshinda.

Jumatatu, 6 Mei

Chakula cha mchana na Verna. Ana miaka sabini na moja, ndiye aliyenipandisha farasi wa kwanza, na bado ananikaripia kama nina miaka kumi. Nikamwekea mezani karatasi ya Seneta na ile ya Opal aliyonitumia Orval. Kazisukuma pembeni apate nafasi ya vimkate vya moto na mchuzi wa soseji.

"Dumplin alikuwa na namba gani?"

"Hakuwahi kukimbia uwanja wa mbio. Unajua."

"Kumbe! Na ulimpanda miaka kumi na minne bila kibali cha karatasi!"

Nikamwambia kasi ni kasi. Siku hizi wasichana wote wanapanda farasi wenye damu ya mbio, unashindwa kwa sehemu mbili tu za kumi za sekunde.

"Sijasema kasi si kitu," kasema. "Mimi mwenyewe kobe simpandi. Lakini hiyo namba inakwambia alivyokwenda mbele, mbele tu, siku moja, uwanja mmoja. Sisi tuna kona tatu, mwanangu. Mwenye tisini na mwenye mia sitawatenganisha. Mwenye sabini na nne nitamwangalia mara mbili — ila nitamwangalia! Wewe umeshamwona huyo mtoto?"

Sijamwona.

"Mwoga wewe."

Kweli. Naogopa kuyakuta macho ya Dumplin kwa farasi asiyeweza kukimbia. Nitampenda, na nitakwama naye. Sikumwambia hivyo. Nikaagiza pai.

Jumatano, 8 Mei

Nimempigia Orval. Nimesema hapana. Sabini na nne ni sabini na nne.

"Sawa, Renae. Nilidhani angalau utakuja kumtazama."

Siku nzima nimesugua matandiko ambayo hayakuwa machafu.

Jumamosi, 11 Mei

Aibu! Aibu tupu!

Mashindano madogo ya kaunti, nimpime Seneta mbele ya watu. Tukaingia kwenye kile kichochoro cha kuingilia uwanjani — akasimama. Tuli! Kichwa mbele, hatikisiki. Geti liko wazi, mtangazaji kaliita jina langu mara mbili. Nikampiga visigino. Hakuna. Ndipo nikaelewa: anasubiri! Kaona vyuma kushoto na kulia, kadhani yuko kwenye kile kizimba cha kuanzia mbio, anangoja mlango ufyatuke mbele yake. Maskini, alikuwa na subira ya ajabu.

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti: "Mpigieni kengele huyo!" Mwingine akagonga chuma kwa kiatu — tukatoka.

Mungu wangu, ile kasi! Coy hakudanganya. Machozi yalinitoka kwa upepo. Pipa la kwanza likaja, nikatazama sikio. Yote mawili mbele. Nikavuta hatamu. Akaongeza! Nikavuta kwa mikono miwili, akaongeza zaidi, tukalipita pipa, tukapita kila kitu, mpaka uzio wa mwisho. Sikuandikiwa hata muda.

Verna alinikuta kwenye trela.

"Ulimvuta."

"Ulitaka nifanye nini, niruke?"

"Mpanda farasi wa mbio akikaza hatamu, farasi anajua kazi imeanza. Anaegemea chuma cha mdomoni, anakwenda. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia akimbie! Renae, hilo unalijua tangu hujaota meno ya utu uzima."

Nalijua. Nilisahau. Miaka kumi na minne sikuhitaji kumvuta mtu.

"Si mbaya huyu," kasema, akimpapasa Seneta shingoni. "Mwaka mmoja wa kumfundisha upya, kwa mkono laini, atakuwa farasi. Lakini wewe hutafuti farasi. Unamtafuta Dumplin, na unamtafutia kwenye karatasi."

Nikalia. Nyuma ya trela, kofia usoni, mtu mzima. Nimemkumbuka mno. Seneta kaja kuweka mdomo wake begani kwangu, kaniachia mate. Farasi mzuri. Atampata wa kwake. Nimemwambia Coy amchukue kesho kutwa.

Jumapili, 12 Mei

Naandika ndani ya pikapu. Niko kwa Orval.

Leo Sikukuu ya Akina Mama. Kanisani waligawa maua kwa kila mama, nikamuwaza Dumplin — kanisani! — nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Trela tupu nimekuja nayo. Sikupiga simu kwanza, angeniambia nisije.

Nimechelewa. Trela ya Ardmore imeshaegeshwa. Mwanamke kijana, msuko mrefu mgongoni, yuko juu ya Opal. Orval kanijia dirishani.

"Ulisema hapana, Renae."

"Najua nilivyosema."

"Nimempa neno langu, ni wa kwanza. Akimkataa, ni wako."

Hapa kwetu mwenzako akiwa juu ya farasi wa kuuzwa, hufungui mdomo. Hata kusalimia husalimii. Unakaa unangoja aseme ndiyo au hapana. Basi nimekaa.

Opal ni mdogo kuliko nilivyodhani. Rangi ya mama yake, ile ile ya asali. Walizunguka kwanza taratibu, sasa wanakuja kwa kasi. Si 103, hata mimi naona. Pipa la kwanza. Hatua tatu — sikio! Sikio la ndani limerudi nyuma! Anauliza. Sasa?

Na yule binti hakumjibu. Kavuta. Opal kakata kona hata hivyo, kajikunja chini kabisa, mchanga umeruka. Nimepiga usukani kwa ngumi. Kaa chini tu, mama, kaa chini, amekuuliza!

Wamemaliza. Binti anatabasamu. Anamkanda shingo. Tafadhali usimkande.

Ameshuka. Orval kamletea karatasi, kapokea na kufungua hapo hapo, kidole kinashuka taratibu. Najua kinatafuta nini. Kimesimama. Katazama Opal, karudi kwenye karatasi. Anamuuliza Orval kitu.

Ee Mungu, leo tu, mfanye mjinga kama nilivyokuwa mimi Jumatano.