Ugali Upande wa Kushoto

Mwingi, 3 Februari 2024

Mwanangu Mwende,

Habari ya huko na baridi yake? Sisi tupo, ila si wazima. Naandika kwa kalamu halafu napiga picha nakutumia, maana kwenye simu mama yako anasikia kila neno. Tangu upasuaji hataki kula. Nampakulia sahani inajaa, ugali wa mtu mzima, anaitazama halafu anageukia ukuta. Kupika sijui, miaka arobaini nimekuwa nikiletewa. Nifanye nini? Nimechoka.

Baba yako

Harrow, 6 Februari

Baba,

Pole, pole sana. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo imekufa kwa kusimama jikoni. Unajua nafanya kazi kwa mgahawa wa Kijapani karibu na Edgware Road. Mwenyewe, Bi Sumie, ni wa mkoa wa Akita, kaskazini kwenye theluji, ambako figili hukaushwa juu ya moshi wa kuni mpaka inanukia kama jikoni kwetu. Kila siku ananirudishia sahani: “Umejaza! Mgeni ataogopa.” Anataka nusu ya sahani ibaki wazi.

Basi mpe Mama kidogo. Chukua ile sahani kubwa ya wageni, uweke ugali kama yai na mchicha vijiko viwili, na kibakuli cha supu kando. Ugali kushoto, supu kulia, kwa upande wake yeye, si wako. Mimi wiki ya kwanza niliweka wali kulia, si ndio mkono wa kula? Bi Sumie akabadilika uso. Kwao, wali wa kulia ni wa marehemu.

Ningekuja, Baba, lakini pasipoti iko kwa watu wa uhamiaji. Nikitoka kabla ya jibu, maombi yangu yamekufa.

Binti yako, Mwende

Mwingi, 19 Februari

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa huyo Bi Sumie. Mama yako amekula! Amemaliza, na jana akaomba kingine. Shangazi yako Mbithe aliona sahani akaniuliza kama namnyima mke wangu chakula. Wueh, niliona aibu, lakini sikuongeza.

Shida ni moja. Mama yako anasema ugali wa kushoto ni usumbufu, mkono unavuka supu, leo kidole kimeungua. Anataka niuhamishe kulia. Nimekataa katakata, na sababu sijamwambia. Anauliza utakuja lini.

Baba yako

Harrow, 22 Februari

Baba,

Hamjambo? Nimesoma barua yako ndani ya treni nikacheka, halafu nikalia mbele za watu. Msogezee tu, Baba. Hiyo ni desturi ya Wajapani, si yetu. Bi Sumie amefunga kipande cha figili nimletee Mama. Pasipoti bado.

Mwende wako

Mwingi, 25 Februari

Mwanangu,

Hatujambo. Nimekusikia, lakini mkono wangu unakataa. Wacha anigombeze, bora anagombeza.

Baba yako

Harrow, 28 Machi

Baba,

Unalala? Unakula? Hujaandika tangu mazishi ya Mama. Niliyatazama kwa simu, nimesimama stoo kwa Bi Sumie, picha ikikatika-katika. Leo pasipoti imerudi, siku kumi baada ya kumzika. Hata kukasirika nimeshindwa. Figili bado iko kwenye friji, sijui niifanyie nini. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwende

Mwingi, 6 Aprili

Mwanangu,

Usijilaumu. Mimi nalala kidogo, nakula kidogo, kama ulivyonifundisha. Njoo tu, na figili uilete, tutaila sisi wawili.

Jana nilipika, na kwa mazoea nikapakua sahani mbili. Nilikaa nikiitazama ile yake. Wiki zote zile alinisihi, nami nikakataa kwa woga, akala akinyoosha mkono hadi siku ya mwisho. Nikanyanyuka, nikauhamishia ugali wake kulia, pale alipoutaka.

Baba yako