Gari la Kuazima na Jina la Baba

Kindu, Jumapili tarehe 12 Novemba 1972

Mpendwa Yaya Élisabeth, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu za kukumbuka, na kabla sijafungua neno lolote, nipe kwanza habari ya nyumba yako. Wewe hujambo? Shemeji Donatien, kile kifua kilichomsumbua wakati wa baridi, kimetulia? Watoto wanasoma vizuri? Sisi huku miili ni mizima. Mke wangu Jacqueline hajambo na anakusalimu sana, watoto hawajambo, mvua inanyesha kila siku na mihogo haikauki. Ninasema miili, yaya, maana roho yangu si nzima hata kidogo. Njo sababu leo unapata kurasa nyingi badala ya ile moja uliyoizoea.

Mama anaumwa. Si ile miguu unayoijua. Ameota uvimbe chini ya mbavu za kushoto, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, na tangu mwezi wa tisa chakula hakishuki, anakunywa uji tu. Muuguzi wa Kampene amesema dawa yake ni kisu, na kisu hicho hana yeye.

Kwa bahati daktari wa kupasua yuko hapa Kindu, lakini mpaka Jumamosi tarehe 25 tu. Mwingine atakuja lini, hakuna anayejua. Nilikwenda kumwona, akaniambia nimlete mama mapema ili damu yake ipimwe. Kazi yangu ni hiyo moja, yaya: kumtoa mama Kampene akiwa amelala kwenye godoro, si kumpandisha juu ya magunia ya lori kama mzigo.

Kamioneti yangu unaikumbuka. Ulikuwa nami siku niliyoichukua huko Lubumbashi, mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, ukainyunyizia maji ya baraka mpaka karani wa duka akacheka. Basi tarehe 30 ya mwezi uliopita nilitandika godoro nyuma, nikavuka mto kwa baki la kivukoni, nikashika njia. Sijafika Kalima, kwenye mlima, sanduku la vitesi, lile la gia, likaanza kulia kama kinu kilichotiwa mawe, kisha likakataa kabisa. Lori la watu wa madini lilinivuta kurudi, siku mbili kwenye matope.

Nilijipa moyo kwa sababu ya garanti. Ni ya mwaka mmoja na haijaisha. Garaji ya hapa inayofanya kazi kwa niaba ya duka lile ilikubali kwamba ubovu ni wa kiwandani, mimi sina kosa, na kwamba kipande kipya kitaletwa kwa treni. Na karatasi ya garanti, ambayo nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, inasema wazi: wakati gari la mteja linatengenezwa, mteja atapewa lingine la kutumia. Nilimwonyesha mkubwa wa garaji mstari huo kwa kidole. Akasema ndiyo, gari la kuazima lipo, akaomba karte yangu ya kitambulisho.

Hapo njo mambo yalipoharibika. Garanti imeandikwa "Félicien K." Yule karani mvivu alilikata jina la baba akabakiza herufi moja. Na karte yangu mpya, ile tuliyopewa wote mwaka huu majina ya kizungu yalipokatazwa, inasema Kikuni Museme. Félicien hayumo tena.

Mkubwa aliziweka karatasi mbili bega kwa bega mezani. Akasema, kwa hili neno la sasa la kuitana wananchi: "Citoyen Kikuni, hii garanti njo ya Félicien. Ule Félicien iko wapi?" Nikasema ni mimi. Akautazama mlango kwanza, halafu akaniuliza polepole kama niko tayari kuandika hivyo na kutia sahihi. Karatasi ya ofisi, yaya, yenye jina lililokatazwa, na mkono wangu chini yake. Nisipotia sahihi, mimi si mwenye garanti. Nikitia, nimevunja sheria. Nilikaa pale na kalamu kama mtoto aliyesahau hesabu yake, na sikuandika kitu.

Si mtu mbaya yule. Alitafuta njia ya katikati. Gari ningepewa, lakini lingeendeshwa na shofere wao, Zéphirin. Yeye naye kwenye karte ana jina lingine, ila ndani ya barua hii acha tumwite kama alivyobatizwa. Karte yangu ingebaki kwenye sanduku la meza mpaka Lubumbashi wajibu mimi ni nani. Na gari lirudi garaji Jumamosi tarehe 18, iwe isiwe. Wewe unajua maana yake: bila karte siwezi kupita bariera ya askari hata moja. Gari lingekwenda Kampene, mimi ningebaki Kindu.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Gari lenyewe ni jeep kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na kiti cha nyuma kimeng'olewa. Lakini kwa vile kiti hakipo, godoro linaingia. Nililitandika kwa mikono yangu, nikaona afadhali, Mungu ametukumbuka.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni langu mimi, si la garaji wala la karani. Jumatano asubuhi, pale uani kwa garaji, Zéphirin ameshashika usukani, akaniuliza: "Mama hanijue. Niseme nani ananituma?" Kulikuwa na watu watatu wamesimama karibu, mmoja ana beji ya Chama kifuani. Jina langu lilikuwa limefika mdomoni, naapa. Nikaitazama ile beji, nikasema: "Sema umetumwa na Citoyen Kikuni." Naye akaondoka.

Wewe umekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa mpaka Ijumaa.

Kwetu Kikuni ni mtu mmoja tu, naye ni baba, na baba ana miaka saba kaburini. Karte ikisema Kikuni, sawa, ni jina la ukoo wetu, nalibeba bila kinyongo. Lakini mama hajaniita hivyo hata siku moja. Tangu aliponizaa mimi ni Filisiani, vile vile ulimi wake unavyolikunja. Mambo ya majina mapya hayajui. Nani angekaa chini kumweleza, na kumweleza nini?

Zéphirin alifika Kampene Alhamisi saa nne. Alimkuta mama amekaa mlangoni, mama mudogo Mwavita akimpoza uji. Akavua kofia, akasema kwa adabu zake zote: "Mama, Kikuni ananituma. Anasema upande motokari, anakungojea ngambo ya mto."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kikuni mwenyewe?" Na Zéphirin, maskini ya Mungu, akitaka kumtuliza, akajibu: "Mwenyewe, mama. Na godoro ametandika."

Mama aliitazama ile jeep. Kisha akasema: "Basi amenikumbuka. Umwambie nimesikia. Lakini motokari sipande. Yeye alienda kwa mabega ya bantu, na mimi nitaenda vile vile. Aningoje kidogo, niko na mihogo kwenye maji."

Zéphirin alidhani ni woga wa gari, wazee wengi wanao. Akabembeleza, akamweleza njia si mbaya sana, akasema hata tena: "Kikuni atakasirika kama narudi mutupu." Hapo mama mudogo Mwavita akamfukuza kwa mwiko, akilia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkanda baba kichwa siku ile ya mwisho, unakumbuka, kwa hiyo usimlaumu.

Zéphirin alilala kwenye jeep akitumaini asubuhi watageuka. Asubuhi akamkuta mama anagawa vitu. Sufuria kubwa kwa Mwavita, jembe kwa jirani, kile kitenge ulichomtumia wewe wakati wa Pasaka amekiosha na kukianika, anasema hicho atakivaa. Uji amekataa. Anasema mutu anayeondoka habebeshwi chakula. Zéphirin akarudi Kindu jioni ile ile na godoro tupu, akaja kunieleza yote hayo kama kichekesho cha mwanamke mzee aliyeogopa gari.

Nilicheka, yaya. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti mpaka watu wa garaji wakatoka kutazama. Kisha nikakaa chini penye mafuta machafu na suruali yangu ya kazi. Nilimtuma marehemu kumwita mama yangu. Kwa sababu ya jina moja la kizungu nililoona haya kulisema mbele ya mtu mwenye beji, ambaye huenda hata hakuwa anasikiliza.

Tangu Ijumaa silali. Jacqueline ananiambia nile, nami kila nikishika ugali namwona mama amelala, macho kwenye dari, anamngoja baba aliyechelewa. Uvimbe labda ungempa miezi. Mtu aliyekwisha kuitikia mwito hangoji miezi. Anajilaza tu, wiki moja inatosha. Tumewaona wengi hivyo.

Ninakupigia magoti. Ukipata barua hii, siku hiyo hiyo mwende na shemeji Donatien dukani kule mlikonisindikiza. Mtafute karani yule mwenye pengo la meno, aliyecheka maji yako ya baraka. Mimi labda amenisahau, wewe hawezi kukusahau. Apige telegrama kwa garaji ya Kindu, aseme mwenye garanti na Kikuni Museme ni mtu mmoja. Kama anaogopa kuandika Félicien, asiandike. Aweke namba ya injini, nimeinakili nyuma ya ukurasa huu. Namba ya injini haikubatizwa, haiwezi kumletea mtu matata. Wakijibu, nitarudishiwa karte yangu.

Nilitaka barua iishie hapo, nikatoka nje, na sasa nimerudi kwenye kiti. Nimehesabu siku kwa vidole. Anaclet wa treni, jirani yetu, ndiye ataibeba, na treni inaondoka Jumanne. Mpaka ifike kwako, mpaka karani apatikane, mpaka telegrama irudi, jeep itakuwa imekwisha kurudi garaji na daktari anafunga sanduku lake. Telegrama iombe hata hivyo, lakini kuingoja siwezi.

Kumtuma Zéphirin tena peke yake haifai. Hata akienda na jina la kweli, nani atamwamini? Kwa mama yeye sasa ni mjumbe wa wafu, leo anasema hivi na kesho vile. Nilimweleza kosa lenyewe leo asubuhi tulipotoka misa. Aligeuza kofia mkononi, halafu akasema: "Ni mimi nilimuua mama yako kwa mudomo. Kesho twende wote wawili." Mkubwa wa garaji hajui, na Zéphirin anaweza kupoteza kazi yake kwa hilo. Nilimkumbusha. Akasema anajua.

Kwa hiyo kesho alfajiri navuka na baki ya kwanza, bila karte. Kuna bariera mbili. Wakiwa wamelala vizuri askari watatupungia mkono kwa ajili ya jina la garaji lililoandikwa ubavuni mwa gari. Wakiwa wameamka vibaya, nitabaki hapo, naye nitamsihi aendelee, ingawa sijui atamwambia mama nini.

Njo sababu nakuomba uitunze akilini sehemu hii. Ukisikia kimya, na mkalazimika kuja kunitafuta kwenye vituo kati ya hapa na Kampene, msiulize Félicien. Watawajibu hawana mtu wa namna hiyo, na watakuwa wanasema kweli. Ulizeni Kikuni Museme.

Nikifika, lakini, sitamtanguliza Zéphirin, wala sitabisha mlango kama mgeni. Nitashuka tangu kwenye ile michikichi ya baba, niite kwa sauti yangu yote, asikie mwenye kusikia, awe na beji au hana: "Mama, ni mimi, Filisiani, mutoto wako. Niko muzima. Baba hajakuita." Kama atakuwa bado na masikio ya kusikia, atapanda gari. Mimi namjua. Atanitukana kwanza, halafu atapanda.

Nisalimie shemeji Donatien, mwambie mdogo wake ana haya kumwomba safari hii ya dukani lakini anamwomba. Wabusu watoto mmoja mmoja, na yule wa mwisho ambaye sijamwona mwambie mjomba wake anamdai kicheko. Jacqueline anasema mtuombee rozari usiku wa siku mtakayopata barua hii. Mungu awafunike ninyi wote huko, na atuachie mama hata mvua hii ipite.

Inyunyizie barua hii maji yako ya baraka. Kamioneti haikusikia, labda karatasi itasikia. Kisha ukurasa huu wa mwisho uchome, yaya, maana mara hii nimetia sahihi.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Félicien