Vichanja vya Bi Zuhura

Lakini ni fungate kweli, Mama (shikamoo kwanza!), hata kama Hamisi wangu anashinda kwenye utafiti wake, akiwauliza wafanyabiashara wa Ujiji kama wataongeza mtaji. Ninamfuata kila mahali. Kuisikia sauti yake tu kunanitosha!

Jana tulimkuta Bi Zuhura, muuza dagaa, aking'oa vichanja vyake vipya vya kuanikia ili auze mbao apate chakula. Ziwa limefungwa, hakuna kuvua, ili samaki wazaliane. Bei ya dagaa imepanda, naye hana cha kuuza. Hamisi akamuuliza, "Likifunguliwa, utajenga tena?"

"Wewe bwana harusi, ungeambiwa mkeo atachukuliwa miezi kadhaa kila mwaka, ungeoa?"

"Ningeoa, Bi Zuhura!"

Mwili ulinisisimka, Mama.

"Kwa sababu una mshahara," akasema, akaendelea kung'oa misumari.

Tulipoaga akanifungia dagaa wake wa mwisho, kiganja kimoja tu alichojiwekea, eti bi harusi haondoki mikono mitupu. Nililia njia nzima. Siwezi kuwapika huku. Nitawaleta kwako kabla mwezi haujaisha, tuwale sote pamoja.

Akupendaye sana,
Rehema